Watu wa Mji wa Lewiston

Wanafunzi wangu, mara nyingi mmeniuliza, "Mwalimu, watu wa Marekani ni watu gani hasa?" Sikuweza kuwajibu, kwa kuwa nchi ile ni kubwa mno. Lakini leo nitawaeleza habari za mji mmoja mdogo wa huko, ambao nilikaa ndani yake majuma matatu katika mwaka 2019, nikiwa mgeni wa walimu wenzangu. Nitawaeleza pia kosa langu mwenyewe, maana mji ule ndio ulionifumbua macho nikaliona.

Mji wenyewe huitwa Lewiston. Uko katika jimbo la Maine, pembeni kabisa mwa Marekani, upande wa kaskazini na mashariki, kando ya mto uitwao Androscoggin. Wenyeji wa kwanza wa bonde lile ni Waabenaki, na jina la mto ni ukumbusho wao.

Serikali ya Marekani imekuwa ikihesabu watu wake kila baada ya miaka kumi tangu mwaka 1790, na katika hesabu hiyo kila mtu huulizwa yeye ni wa asili gani. Kabla ya kusafiri nilizisoma hesabu za Lewiston. Mwaka 2000 mji ulikuwa na watu 35,690, na katika kila watu mia, weupe walikuwa karibu 96, na weusi mmoja tu. Mwaka 2010 watu walikuwa 36,592. Weupe walipungua wakawa 87 katika kila mia, na weusi walizidi wakawa karibu 9. Basi nikajisemea moyoni, "Nimekwisha kuujua mji huu. Ni mji wa Wazungu, na juzijuzi wameingia Waafrika."

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mzee aliyekwisha kustaafu. Nilipomwambia maneno yale, alicheka, akatwaa fimbo yake, akasema, "Njoo tutembee."

Akanipeleka kwanza kwenye mifereji mirefu inayochukua maji kutoka maporomoko ya mto. Akanieleza ya kuwa matajiri wa Boston ndio waliotoa fedha za mifereji ile, yapata mwaka 1850, ili maji yaendeshe viwanda vya kufuma nguo; lakini waliochimba kwa jembe na sururu walikuwa Wairish, watu maskini waliokimbia njaa kwao. Kisha akanionyesha viwanda vyenyewe, majumba makubwa ya matofali mekundu, na kituo cha garimoshi. Reli ile ilifika mwaka 1874, nayo ikauunganisha mji na Quebec, nchi ya Wafaransa wa Canada. Wakulima waliochoka na mashamba yasiyozaa walipanda garimoshi pamoja na watoto wao, wakashuka Lewiston, wakaingia viwandani. Wakakaa pamoja katika mtaa ulioitwa Canada Ndogo, wakawa na makanisa yao, na shule zao, na hata gazeti lao la Kifaransa.

"Je, walipokewa vizuri?" nikamwuliza.

Yule mzee akasimama. Akasema, "Mwaka 1919 jimbo letu lilitunga sheria ya kwamba mafundisho ya shule yawe kwa Kiingereza. Baba yangu alipigwa kiboko shuleni kwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kifaransa. Na katika miaka ya 1920 na kitu, chama kiitwacho Ku Klux Klan kilipata wafuasi wengi hapa Maine. Weusi walikuwa wachache sana. Chama kile kiliwachukia Wakatoliki, hasa sisi Wafaransa. Leo katika hesabu ya serikali mimi na wajukuu wa watu wale tunaandikwa neno moja, 'weupe'. Lakini babu yangu hakujua kwamba wao na yeye ni kitu kimoja."

Maneno yale yalinishangaza. Ndipo nilipoanza kuelewa ya kuwa katika sanduku moja la hesabu mwaweza kuwamo watu ambao zamani hawakusalimiana.

Baadaye viwanda vile vilifungwa kimoja baada ya kimoja, maana nguo zilifumwa kwa bei nafuu mahali pengine. Vijana wakahama, na nyumba nyingi za katikati ya mji zikabaki tupu. Tangu mwaka 2001 jamaa za Wasomali waliokimbia vita ya kwao wakaanza kuhamia Lewiston kutoka miji mingine ya Marekani, wakitafuta nyumba za kodi ndogo na mahali pa amani pa kulea watoto. Walikuja wengi kwa muda mfupi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2002, Meya wa mji aliandika barua ya wazi akiwaomba wazee wa Wasomali wawazuie ndugu zao wasije tena, kwa kuwa mji umeelemewa. Kundi la watu wenye chuki kutoka mbali liliposikia habari hiyo, likapanga kukutana mjini mwezi wa Januari mwaka 2003. Siku ile wakakusanyika watu wapatao 30 tu. Lakini mahali pengine mjini humo yapata watu 4,000 walikusanyika, katika baridi kali, kuwaambia Wasomali kwamba wakae. Mwaka 2015 timu ya mpira ya shule ya sekondari ya Lewiston ikachukua ubingwa wa jimbo, nayo ilikuwa na wachezaji wazaliwa wa nchi kadhaa za Afrika pamoja na wazaliwa wa Maine. Na katika mwaka uo huo niliokuwako, Bibi Safiya Khalid, mzaliwa wa Somalia, alichaguliwa kuingia katika baraza la mji.

Siku moja mwenyeji wangu alinipeleka nje ya mji kuona mashamba. Nikaona mahindi yamesimama vizuri, nikafurahi kama mtu aliyeona jamaa yake. Mwanamke mzee alikuwa akipalilia. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitika, "Marahaba, mwanangu," kwa Kiswahili alichojifunza kambini katika nchi ya Kenya. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamjibu, "Handeni, katika Tanzania. Mimi ni Mzigua."

Bibi yule akaliangusha jembe. Akaanza kutaja maji, na moto, na mtoto, kama mama yangu atajavyo. Akasema, "Wenzangu wengi hapa husema lugha ya Kimaay, lakini nyumbani kwetu bibi yangu alitufundisha Kizigua. Wazee wetu walichukuliwa kutoka pwani yenu kwa majahazi, katika karne iliyopita ile ya utumwa, wakauzwa Somalia. Waliotoroka wakalima kando ya mto Juba. Huko Somalia waliniita mtumwa. Kenya niliitwa mkimbizi. Hapa watu huniita Msomali, na serikali huniandika mweusi. Si kitu. Lakini niambie, mwanangu: watoto wa dada yangu hawakuja huku, walirudi kwenu, kule Chogo. Je, mliwapokea kama watoto waliorudi nyumbani?"

Wanafunzi wangu, sikuwa na jibu. Nilisema tu, "Serikali iliwapa ardhi, na baadaye wengi wao walipewa uraia." Maneno hayo ni kweli, lakini hayakuwa jibu la swali lake.

Kwa maana nilikumbuka mwanzo wa kazi yangu. Watu wale walipoletwa Chogo, katika wilaya yetu ya Handeni, tangu mwaka 2003, watoto wao wachache waliingia katika shule niliyofundisha. Nilichukua daftari la mahudhurio, nikaandika majina ya watoto wa vijijini mwetu. Kisha nikachora mstari wa wino mwekundu, na chini yake nikaandika "Wageni". Kila asubuhi niliita majina ya juu kwanza, halafu nikasema, "Na ninyi wageni?" Darasa zima likawaita hivyo. Mmoja wao, mvulana hodari sana wa hesabu, aliacha shule kabla mwaka haujaisha, wala sikwenda kwao kuuliza sababu. Nilikuwa Mzigua ninayewafundisha Wazigua, nami niliwatenga kwa mstari.

Niliporudi nyumbani nilikwenda Chogo kumtafuta. Nilimkuta ni mtu mzima, ana mke na shamba la mahindi. Alinitambua upesi. Nikamwomba radhi mbele ya watoto wake. Akanyamaza kidogo, kisha akaniletea kiti, akasema, "Mwalimu, mimi nilipenda sana hesabu." Hakusema neno jingine juu ya jambo lile, nami sikuweza kunywa maji aliyonipa mpaka nilipotulia.

Sisemi kwamba kuhesabu watu ni kubaya. Serikali isiyojua idadi ya watu wake haiwezi kujua shule ngapi zijengwe, wala visima vingapi vichimbwe. Mwaka 2020 Lewiston ilihesabiwa tena, ikaonekana ina watu 37,121, nao walioitwa wageni ndio walioufanya mji uliokuwa ukipungua uanze kukua. Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini hesabu hutuambia wako wangapi, haituambii ni nani. Hilo hujulikana kwa kuuliza, na kwa kuketi kusikiliza.

Daftari langu la sasa mnaliona kila asubuhi. Halina mstari mwekundu. Na mtoto mpya aingiapo darasani, ninyi mnajua swali langu la kwanza: "Jina lako nani, na bibi yako alikusimulia nini?"