Jirani Yetu Yuko Rafu Gani?

Tamasha la fasihi huisha kwa siku tatu. Kitabu hubaki. Katikati yake kuna watu kama mimi, tunaotoka ukumbini tumejaa majina ya waandishi kichwani na mfukoni tuna nauli tu. Kwa sisi, tamasha huanza hasa siku inayofuata, pale mlangoni pa maktaba.

Septemba 2019, Tamasha la Macondo lilifanyika Nairobi kwa mara ya kwanza, katika Kenya National Theatre. Wageni wengi walikuwa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kireno. Wenzangu wa chuo waliwaona kama watu wa mbali, kutoka nchi ambazo sisi huzijua kwa ramani na mpira. Mimi sikuweza kuwaona hivyo. Babu yangu alizaliwa Msumbiji, upande wa Mueda, akaja Kwale akiwa kijana kukata mkonge. Hakurudi. Alioa, akazaa, akazeeka, na hadi tunamzika hakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote.

Sisi ni Wamakonde wa Kwale. Oktoba 2016, watu wetu walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais, kudai vitambulisho. Walimwona, na agizo likatoka. Mwaka uliofuata tukatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, na mimi nikapata kitambulisho changu nikiwa na miaka kumi na tisa. Wenzangu wanaulizana walifanya nini cha kwanza walipopata chao. Wengine walisajili laini ya simu, wengine walifungua akaunti ya benki. Mimi niliomba kadi ya maktaba.

Nilikuwa na sababu. Nilipokuwa shule ya msingi, kulikuwa na maktaba moja huko pwani niliyoizoea kama barazani kwetu. Kusoma ndani, ruhusa. Kuazima ilikuwa habari nyingine: "Leta nakala ya kitambulisho cha mzazi." Mzazi hakuwa nacho. Kwa hiyo nilikuwa nasoma hadithi mpaka saa ya kufunga, nakariri namba ya ukurasa, nasali mtu mwingine asikichukue kitabu kabla ya kesho. Kuna riwaya mbili hadi leo sijui ziliishaje.

Basi Jumatatu baada ya tamasha nilikwenda kwenye maktaba ya umma jijini na orodha yangu. Wa kwanza alikuwa José Eduardo Agualusa wa Angola, niliyemsikia jukwaani. Chini yake nilikuwa nimeongeza wenzake wa Angola na Msumbiji.

Kutafuta mwandishi wa Kireno katika maktaba yetu ni kazi ya upelelezi. Kwanza jina. Ungulani Ba Ka Khosa utamtafuta kwenye B, kwenye K au kwenye U? Tafuta kote kutatu. Kisha namba. Mfumo wa Dewey, unaotumiwa na maktaba nyingi, hupanga fasihi kwa lugha iliyoandikiwa na si kwa nchi ya mwandishi. Fasihi ya Kireno ni 869. Fasihi ya Kiswahili iko 896. Tarakimu ni zilezile, zimebadilishana nafasi tu, lakini rafu zinapishana. Kwa hesabu hiyo mwandishi wa Maputo anakaa na wa Lisbon, na sisi tulio jirani yake tunakaa kwingine. Nilisimama pale nikafikiria kwamba hata babu angewekwa 869, yeye ambaye hakuwahi kusema neno la Kireno kwa hiari yake.

Nilimwendea mkutubi. "Shikamoo mama."

Akacheka. "Marahaba. Wewe si wa hapa. Nani Nairobi bado anaamkia?"

Nikampa orodha. Aliisoma polepole, kisha akaniambia niachane na kompyuta. "Hawa wa zamani wako, ila hawako kwa Kireno. Njoo." Akanipeleka kwenye rafu ya chini ambako walikuwa wamekusanya vitabu vya African Writers Series, ule mfululizo wa Heinemann ulioanza mwaka 1962. Migongo ya rangi ya chungwa ilikuwa imepauka. Pale nilimkuta Luís Bernardo Honwana na *We Killed Mangy-Dog*, Pepetela na *Mayombe*, na Mia Couto na *Voices Made Night*. Jirani zetu walikuwa ndani ya nyumba miaka yote hiyo. Ndani ya kitabu cha Honwana kulikuwa na karatasi ya mihuri ya tarehe. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1994, miaka minne kabla sijazaliwa.

Agualusa hakuwapo. Mkutubi alinieleza bila kuona haya: vitabu vingi vinavyoingia ni vya msaada, na anayetoa ndiye anayechagua. Tafsiri za waandishi hawa huchapishwa Uingereza na Marekani, bei yake ni ya huko, na bajeti ya kununua ni ya hapa. Akanipa fomu ya kupendekeza kitabu. "Jaza. Wasomaji hawajazi, halafu wanasema hatujui wanachotaka."

Nilijaza. Nikaandika *The Book of Chameleons*, kwa sababu ndicho kilichonikaa moyoni tangu tamashani. Hadithi yake inasimuliwa na mjusi kafiri anayeishi ukutani katika nyumba moja ya Luanda. Mwenye nyumba, Félix Ventura, ni mtu mwenye ualbino anayeuza nasaba. Wateja wake ni watu walioinuka baada ya vita: fedha wanazo, mustakabali wanao, wanachokosa ni asili ya kujivunia. Yeye huwatengenezea mababu, pamoja na picha za ukutani.

Wenzangu walicheka waliposikia muhtasari huo. Mimi nilimfikiria mjomba wangu. Kabla ya 2016, baadhi ya watu wetu walipata vitambulisho kwa kujiandikisha kama Wadigo. Mjomba alifanya hivyo. Mzee mmoja jirani alikubali kuwa baba yake kwenye karatasi, na kwa miaka ishirini mjomba alijibu salamu za ofisini kwa ukoo usio wake. Hakuna mjusi aliyekuwa akitazama, lakini hadithi ni ileile.

Mwezi ukapita bila jibu, na muhula ulikuwa unakwisha. Tulikuwa watano tuliokwenda tamashani pamoja. Tukachanga, tukanunua nakala moja, tukapeana siku nne kila mmoja. Wa mwisho alipomaliza, nilipendekeza tukipeleke maktaba. Mmoja alipinga: fedha zetu, kwa nini kikakae rafuni mpaka kipauke kama vile vingine? Tulibishana jioni nzima. Kilichonisaidia ni jambo nililosoma kumhusu Agualusa mwenyewe. Mwaka 2017 alishinda tuzo ya kimataifa ya fasihi ya Dublin kwa riwaya yake nyingine, inayomhusu mwanamke anayejifungia kwenye ghorofa la Luanda wakati wa uhuru na kuishia kuchoma vitabu vyake apate moto wa kupikia. Vitabu vya tuzo hiyo hupendekezwa na maktaba za umma duniani. Naye aliposhinda alisema atatumia fedha hizo kujenga maktaba ya umma katika Kisiwa cha Msumbiji. Rafiki yangu akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, lakini mhuri wa kwanza uwe wangu."

Mkutubi alikipokea kwa mikono miwili.

Desemba nilikiazima mimi, nikashuka nacho Makongeni. Bibi hajui kusoma. Nilimsimulia jioni tatu, kutoka Kiingereza kilichotoka kwenye Kireno, kwa Kiswahili chetu, na palipokwama aliniongezea Kimakonde. Nilipofika kwa muuza nasaba akaniuliza anatoza kiasi gani. Nikamwambia kitabu hakisemi bei.

"Angekuja hapa kijijini angetajirika," akasema. "Halafu angefilisika siku ile tulipotembea."

Akakichukua kitabu, akatazama karatasi ya mihuri. "Hiki cha nani sasa?"

"Cha maktaba, bibi. Yeyote mwenye kadi anaazima."

"Na kadi wanataka nini?"

"Kitambulisho."

Akafungua fundo la pindo la kanga yake, akatoa kitambulisho kilichofungwa kwenye karatasi ya nailoni, akakiweka juu ya kitabu.

"Basi niandikishe."