Upenu wa Nyumba ya Baba

Ndugu msomaji, nakuomba kwanza utoke nje uitazame nyumba yako, pale paa linapoishia. Upenu umetoka nje ya ukuta kiasi gani? Hatua moja, au shubiri tu? Nitakuambia kwa nini nauliza.

Baada ya kuuza korosho, mdogo wangu alileta mabati nyumbani kwetu Matambarale, akasema nyumba ya marehemu baba ibomolewe, ijengwe ya kisasa. Ile nyumba ni ya matofali mabichi na nyasi, nayo ni fupi, lakini upenu wake ni mpana hata watu ishirini hukaa barazani mvua ikinyesha wasilowe. Hapo ndipo jumuiya yetu husali rozari mwezi wa Oktoba. Basi mjomba akaitisha kikao, akanigeukia: “Wewe uliyesoma, sema.” Nikaomba siku tatu.

Katika siku hizo nilikumbuka habari niliyoisoma ya nyumba moja huko Chicago, Marekani. Nchi ile ni tambarare (jina la kijiji chetu nalo lina mlio kama huo), na mchoraji mmoja mkubwa wa majumba, Frank Lloyd Wright, aliona si vema nyumba za tambarare zisimame kama minara. Akazilaza: paa la chini, madirisha yaliyofuatana, upenu uliotoka mbali. Watu wakauita mtindo wa Prairie, yaani wa mbuga. Iliyo maarufu kati ya hizo alimjengea kijana aitwaye Frederick Robie, mfanyabiashara wa baiskeli, naye akahamia humo mwaka 1910. Upenu wake huzuia jua kali la kiangazi. Wakati wa baridi, jua likiwa chini, huliacha liingie ndani. Baba alijua jambo hilo hilo kwa upande wa mvua: tofali bichi likipigwa maji miguuni, ukuta mzima huinama.

Lakini nisikufiche. Bwana Robie hakukaa humo hata miaka miwili. Baba yake alikufa akamwachia madeni, ndoa ikavunjika, nyumba ikauzwa 1911. Baadaye ikawa mali ya chuo cha wachungaji wa Kiprotestanti. Chuo kikataka kuibomoa 1941, kikataka tena 1957, kipate mahali pa kujenga bweni. Wright mwenyewe, mzee wa miaka 89, akaja kuitetea. Mwaka 1958 mjenzi mmoja tajiri aliinunua, na 1963 ikawa mali ya Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 2019 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Siku hizi watu hulipa kiingilio waione, na hakuna anayelala ndani.

Hapo ndipo nilipokwama. Nani atalipa kiingilio Matambarale? Tena wale wa chuo sikuweza kuwalaumu sana, maana wanafunzi wao walihitaji pa kulala, kama watoto wa mdogo wangu wanaobanana watano chumba kimoja.

Siku ya tatu nikaanza kusema habari za upenu, na za Chicago pia. Mama akanikatiza: “Leo siku ya tatu mnaulizana habari za nyumba. Mimi ninayelala humo hakuna aliyeniuliza.”

Tukanyamaza. Mjomba akatazama chini, nami ndimi niliyeona haya kuliko wote.

Mama akasema nyumba isibomolewe maadamu yeye yu hai. Mabati yaezekwe juu yake, ila yafike pale pale nyasi zilipofika. Watoto wajengewe vyumba viwili nyuma.

Nguzo mbili zilizoliwa na mchwa tumekwisha kuzibadili. Mdogo wangu amepiga hesabu: kwa upenu ule mabati yake yanapungua kumi na mawili. Hayo bado tunayatafuta, na mawingu yameanza kukusanyika.