Wikiendi ya Maskati: mkaa bure si sawa na mtembea bure

Ukisikia fulani kaolewa na kapelekwa Uarabuni, moja kwa moja unajua ameula. Dhahabu, manukato, kiyoyozi usiku na mchana! Kumbe wengi wetu tuliowafuata waume zetu huko tunajua vitu vitatu tu: chumba, jiko na simu ya kupiga nyumbani. Mji wenyewe tunausikia kwa honi za magari.

Mimi nilimaliza miezi miwili hapa Maskati kwa mtindo huo. Mwenzangu anatoka alfajiri, anarudi jioni hoi, anakula, analala. Nikamwambia kiulaini, bila ugomvi: "Mwisho wa mwezi nikatie tiketi nirudi Dar." Hakubisha. Akasema, "Sawa mpenzi, lakini kwanza nipe wikiendi moja."

Wikiendi ya huku ni Ijumaa na Jumamosi. Imekuwa hivyo tangu mwaka 2013. Kabla ya hapo ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa asubuhi mji wote kimya, maduka mengi yamefungwa. Tukasubiri swala ipite na jua lipungue makali, kwenye saa kumi tukapanda basi jekundu la Mwasalat mpaka Muttrah, mji wa kale wa biashara.

Jamani, Muttrah! Bahari mbele, nyuma milima ya kahawia isiyo na hata jani, na katikati nyumba nyeupe zimejipanga kama meno. Juu ya mwamba kuna ngome ya Wareno. Barabara ya ufukweni ni ya kutembea kwa miguu, safi kabisa, na wapenzi kibao wanapunga upepo. Usitegemee kukumbatiana, heshima ya wenyeji ni kitu cha kwanza, lakini kutembea bega kwa bega hakuna anayekukataza.

Tukaingia sokoni. Vichochoro vyembamba, vimeezekwa juu, harufu ya udi na ubani inakufuata mpaka kwenye nguo. Ubani wenyewe unatoka Dhofar, kusini mwa nchi, na wanauza kwa madaraja. Ulio mweupe wenye ukijani ndio wa bei mbaya. Kuna majambia ya fedha, na kofia za kushonwa kwa mkono wanazoziita kumma. Ukiziona utaapa uko Darajani, Unguja! Angalia tu mfuko wako: riali moja ni baisa 1,000, na inazidi dola mbili na nusu za Kimarekani. Sio mchezo.

Kwenye duka la halua tukawa tunabishana kwa Kiswahili, ninunue au nisinunue. Mara bibi mmoja wa makamo ya juu, kajifunga buibui lake, akageuka. "Nyie wanangu mwatoka wapi?"

Nilikaribia kumkumbatia. "Shikamoo bibi! Tumetoka Dar."

"Marahaba. Karibuni, kaeni."

Tukaletewa kahawa ya iliki kwenye vikombe vidogo, na halua ya moto. Hapo nikajifunza kitu: ukishatosheka tikisa kikombe, la sivyo wanaendelea kukumiminia tu.

Bibi alizaliwa Unguja. Historia mnaijua: Sultani Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja, akafariki mwaka 1856, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua Unguja na Oman ziwe tawala mbili. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wengi waliondoka visiwani. Na Sultani Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, wengi wenye asili ya Oman wakafungua njia ya kuja huku. Bibi alikuwa mmojawapo, akiwa msichana.

"Mie nilipofika sikuwa na Kiarabu hata cha kununulia chumvi," alisema. "Mwaka mzima nalia. Halafu nikasema, kwani nitakufa chumbani? Nikaanza na soko la samaki. Kule vidole vyatosha."

Basi Jumamosi asubuhi tulianzia huko huko. Soko la samaki la Muttrah lipo jirani na bandari, jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2017. Nguru, jodari, changu, wote wamelala kwenye barafu. Nikaonyesha vidole, muuzaji akaonyesha vyake, nikatingisha kichwa, akacheka, akapunguza. Nguru wangu wa kwanza wa Maskati! Mume wangu alikuwa pembeni, kazi yake kubeba mfuko.

Baada ya kupeleka samaki nyumbani tukaenda Maskati ya kale kutazama ngome mbili zinazokabiliana mlangoni mwa bandari, Jalali na Mirani. Wareno walikaa hapa mpaka mwaka 1650, Waomani wakawatimua. Mwaka 1698 hao hao Waomani wakaiteka Fort Jesus ya Mombasa. Nikaona kumbe sijaja mbali kihivyo.

Jioni tukamalizia ufukwe wa Qurum. Jina hilo ni mikoko, na mikoko ipo kweli, imehifadhiwa katikati ya jiji. Zamani majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji kuja kuezekea nyumba za huku. Pembeni ya barabara wanachoma nyama kwenye vijiti, wanaiita mishkak. Ukisema mishikaki wanakuelewa!

Hapo ndipo tulipoongea sawasawa. Mwenzangu akasema ukweli wake: nusu ya mshahara inakwenda kwa wazazi, kwa hiyo anapokea kila zamu ya ziada, hata Ijumaa. Nikasema na wangu: sikuvuka bahari kuja kulinda kitasa. Tukapatana. Ijumaa mbili za kila mwezi ni zetu, hazina zamu. Asubuhi za kazi mimi naenda sokoni peke yangu. Tiketi tumeisogeza mbele miezi sita, hapo tutaangalia tena. Sijaahidi zaidi ya hapo.

Dada zangu mnaojiandaa kufuata waume ugenini, wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Usisubiri mji uje kukugongea mlango. Ujue njia ya basi, bei ya samaki na mtu mmoja wa kumwamkia. Ukija Maskati njoo kati ya Novemba na Machi. Kiangazi joto linapita nyuzi 40 na hamu ya kutembea inayeyuka. Nanyi akina kaka, mnaweza kutuma fedha nyumbani kila mwezi huku nyumba yenyewe inawavunjikia mbele ya macho. Wikiendi moja haiwafilisi.