Mguu wa Kuku kwa Mjomba

Mfanyakazi mwenzangu hapa Texas aliniomba Jumamosi moja nimsindikize akamchagulie mkewe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Nikadhani tunaenda kununua mkoba au marashi. Akaegesha gari mbele ya duka la bunduki lililobanwa kati ya kinyozi na muuza donati, akanifungulia mlango kwa adabu zote.

Ndani, bastola zilikuwa zimelazwa chini ya kioo kama saa za mkononi. Mwenzangu alitaka rivolva, ile yenye silinda inayozunguka. Alisema mkewe hana subira ya mitambo, na rivolva haina mengi ya kukumbuka: ukivuta inalia, na risasi moja ikikataa unavuta tena, silinda inaleta nyingine. Sisi Kenya bastola tunaiita mguu wa kuku. Ukiiona rivolva fupi, na mpini wake uliopinda, nadhani utakubali kwamba aliyebuni jina hilo hakukosea sana.

Muuzaji, mzee mwenye ndevu nyeupe, hakuuliza bei wala rangi. Aliuliza ukubwa wa mkono wa huyo mama. Mwenzangu akainua kiganja chake na kuonyesha kwa kidole: unaishia hapa. Mzee akacheka, kisha akatoa mbili na kuziweka juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, chini ya nusu kilo, ya risasi tano. Inaingia mkobani vizuri, alisema, lakini wepesi huohuo ndio unaoifanya irushe mkono vibaya, na mtu akiumizwa na bunduki siku ya kwanza hairudii tena. Ya pili ilikuwa ya chuma kizito; hiyo hutulia mkononi, ila baada ya wiki mbili za kuibeba ataiacha kwenye droo. Halafu kuna kifyatulio. Cha rivolva ni kigumu kwa sababu kidole ndicho kinachozungusha silinda na kuinua nyundo kwa pamoja, na si kila kidole kinaweza. Macho ya mwenzangu yalikuwa yameshakimbilia aina iitwayo LadySmith, ya kampuni ya Smith & Wesson, kwa sababu ya jina tu, nafikiri.

Mwishowe mzee akamwambia kitu ambacho sijakisahau. Usimchagulie. Mnunulie kadi ya zawadi yenye pesa za kutosha, aje mwenyewe ashike, apige mbili tatu kwenye uwanja wa shabaha, achague. Mwenzangu alinywea kabisa. Alikuwa ameshapanga karatasi ya kufungia na utepe.

Hata hivyo alinunua, ile nyepesi. Hapo ndipo nilipoiona Fomu 4473, ambayo kila duka lenye leseni ya serikali kuu ni lazima limjazishe mnunuzi. Fomu inauliza kama wewe ndiwe mnunuzi halisi, na zawadi inaruhusiwa: ukinunua kwa pesa zako ili umpe mtu bure, wewe ndiwe mnunuzi halisi. Ukinunua kwa pesa za mwingine, umesema uongo. Kuna mtu wa Virginia, Bruce Abramski, aliyemnunulia mjomba wake wa Pennsylvania bastola kwa sababu yeye, akiwa polisi wa zamani, angepata bei nafuu. Mjomba alikuwa ametanguliza hundi ya dola 400. Mjomba huyo alikuwa mtu safi, mwenye haki ya kumiliki silaha, lakini mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba mpwa alidanganya. Msomaji wangu wa Meru ataona ajabu. Kwetu kutumwa na mjomba, na pesa ukapewa kabisa, ndiyo heshima yenyewe.

Jina la mwenzangu lilipitishwa kwenye mfumo wa kukagua rekodi, dakika chache tu, akaruhusiwa. La mkewe halikuulizwa na mtu. Kwa kuwa wote wawili wanaishi Texas, mume angeweza kumkabidhi bunduki sebuleni bila karatasi yoyote, mradi hajui sababu ya kisheria ya kumzuia. Na tangu Septemba 2021, mtu mzima wa miaka 21 au zaidi asiye na kizuizi anaweza kuibeba bastola hapa bila kibali.

Usiku huo simu ikalia kutoka Runyenjes. Upande wa baba sisi ni watu wa Nkubu, Meru, lakini mama ni wa Embu, na mjomba wangu ndiye anayelinda shamba la marehemu babu: ekari mbili za makadamia na kahawa kidogo. Wezi wa makadamia hawangoji njugu zikomae. Huja usiku, wakavuna mbichi kwa magunia, na asubuhi unakuta matawi yamevunjika kama palipita tembo. Nilikosea kumsimulia habari za duka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpwa wangu, kumbe huko vinauzwa kama maandazi? Basi ukija Krismasi niletee kamoja. Kadogo tu. Mimi si ndiye mjomba wako?"

Nilicheka, yeye hakucheka.

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haina nafasi ya utepe. Ndani yake neno kuhamisha silaha linajumuisha kupeana, kukopesha na kuiachilia tu mikononi mwa mwingine, na huwezi kumhamishia mtu asiye na cheti. Cheti huombwa na huyo atakayeishika: aeleze sababu nzuri ya kuihitaji, atoe cheti cha tabia njema, achunguzwe, aridhishe Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha kwamba hatakuwa hatari kwa watu. Akikubaliwa, karatasi inataja silaha yenyewe na idadi ya risasi. Uwindaji si sababu. Ulipigwa marufuku mwaka 1977. Hata waliokwisha kupata hawatulii: mwishoni mwa 2018 serikali iliwaagiza raia wote wenye leseni wajitokeze wapigwe msasa upya. Na mimi nikishuka uwanja wa ndege na mguu wa kuku kwenye sanduku bila kibali cha kuuingiza nchini, Krismasi yangu ingeishia rumande.

Kwa hiyo Texas ilimhoji mtoaji ikamsahau mpokeaji, na Kenya inamhoji mpokeaji. Kati ya hizo mbili nachagua ya kwetu, nikijua fika inavyochosha, na nikijua kwamba kule Igembe Kaskazini na Tigania Mashariki, mpakani na Isiolo, wezi wa mifugo hawajawahi kupanga foleni ya cheti. Mkulima wa huko akiniambia sheria inamfunga mikono yeye peke yake, sina jibu la haraka la kumpa.

Lakini kuna jambo jingine, nalo mjomba analijua kuliko mimi. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952, Wameru na Waembu waliwekwa kundi moja na Wakikuyu, na kupatikana na bunduki au hata risasi kulitosha kukufikisha kitanzini. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa miaka hiyo. Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa Mau Mau, alipokamatwa Oktoba 1956, shtaka lililompeleka kunyongwa gereza la Kamiti lilikuwa la kupatikana na rivolva, aina ya Webley Scott. Nyanya alitusimulia kwamba mama yake alikuta watoto wakichezea ganda tupu la risasi, akalichukua bila neno, akalifukia chini ya mafiga usiku huohuo, akapika juu yake mpaka walipohamishiwa kijiji cha dharura. Mjomba alikuwepo tukisimuliwa.

Tukirudi kwenye zawadi, za kwetu za mtu wa thamani zina utaratibu wake. Upande wa baba, kijana akitaka binti wa watu, hupeleka ncoolo, kifurushi cha miraa bora kilichofungwa kwa ustadi. Wazazi wakiipokea na kuitafuna, mazungumzo yameanza. Ikirudi ilivyokuja, shika njia. Upande wa mama, na hasa kule Mbeere, asali haikosi kutajwa. Kiswahili kina mzaha wake hapa: mzinga wa nyuki na mzinga wa vita ni neno moja. Ncoolo ndiyo ninayoiwaza zaidi nikimkumbuka yule mzee wa ndevu nyeupe. Ni zawadi inayouliza kwanza, na anayepewa ana ruhusa ya kukataa. Mke wa mwenzangu aliifungua ile karatasi mbele ya wageni na keki. Angekataaje? Aliniambia baadaye kwamba bastola aliipiga mara moja tu, kiganja kikamuuma siku mbili. Sasa iko kabatini, ndani ya kisanduku chenye kufuli, na ufunguo anao mume.

Krismasi nilishuka Embu na tochi, mojawapo ya zile ndefu za chuma wanazobeba walinzi, yenye mwanga wa kufika mpaka ng'ambo ya bonde. Mjomba aliipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akaigeuza huku na huku. Giza lilipoingia tukatoka naye. Akailenga mimea yake, mstari kwa mstari, na mbwa wa jirani wote wakaanza kubweka. Kutoka upande wa pili wa ua mtu akauliza kwa sauti kuna nini, na mwingine wa bondeni akaitikia.

"Inaingia betri ngapi?" mjomba akaniuliza.

"Tatu."

"Na ile ya yule mama ilikuwa ya risasi ngapi?"

"Tano."

Akatikisa kichwa, akaizima ili asimalize chaji, tukarudi ndani tukipapasa njia.