Taa ya Mlangoni Wakati wa Baridi

Hapa Katana usiku una baridi. Ziwa Kivu lenyewe liko zaidi ya mita 1,450 juu ya bahari, na nyumba zetu zimepanda juu yake kuelekea mlima Kahuzi. Ndiyo sababu twataka kusema neno juu ya taa za nje.

Zamani mlangoni petu palikuwa na ampule ya wati 60. Ilikula umeme mwingi, basi tukaitoa, tukaweka moja ya zile nyeupe zilizosokotwa, ya wati 15. Tulifurahi sana. Lakini usiku mmoja wa mwezi wa saba jirani yetu alikuja kupiga hodi, amebeba mtoto mwenye homa. Tuliwasha taa, nayo ikawaka hafifu kama kaa chini ya majivu. Kabla haijapata nguvu, mama yule alijikwaa ngazini akaanguka. Mtoto hakuumia, mama alichubuka goti.

Tulidhani tumeuziwa ampule mbovu. Kumbe sivyo! Ndani ya ampule za namna ile mna zebaki kidogo. Umeme ukipita, mvuke wa zebaki hutoa miali isiyoonekana kwa macho, na unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huigeuza kuwa nuru. Penye baridi mvuke huwa haba, na nuru huwa haba vilevile, mpaka kioo kipate joto. Sebuleni jambo hili halisumbui. Lakini nje, usiku wa manane, hata dakika moja ni ndefu.

Sasa tumeweka taa ya LED ya wati 9. Haina zebaki, nayo huwaka yote mara moja hata penye baridi. Adui zake ni maji na joto. Kwa hiyo yafaa kuchagua iliyoundwa kwa kukaa nje, kuitundika chini ya paa mvua isiifikie, wala tusiifungie katika kifuniko kisichopitisha hewa.

Na zile za zebaki je? Zitumiwe ndani mpaka zife, wala zisitupwe shambani. Ikivunjika moja, fungueni madirisha, watoto watoke, vipande viokotwe kwa karatasi ngumu, si kwa mikono mitupu wala kwa ufagio. Mwaka 2022 mataifa ya Mapatano ya Minamata yalikubaliana kwamba ampule hizo za kawaida za nyumbani zikome kuundwa na kuuzwa kutoka nchi hata nchi ifikapo mwisho wa 2025.

Kuokoa umeme ni jambo jema. Lakini taa ya nje huwekwa kwa ajili ya yule ajaye, si kwa ajili yetu tuliolala. Basi, usiku wa leo baridi ikizidi, tokeni nje hadi njiani, mmoja wenu aiwashe taa, nanyi mrudi mlangoni mara ile. Je, mwaiona ngazi?