Mpasuo wa Mkono wa Shati

Watu wazungumzapo juu ya utamaduni, aghalabu hutaja ngoma, mashairi na vinyago. Ni nadra kumtaja fundi cherehani aketiye barazani. Nami niliyevaa shati la mikono mirefu takriban kila siku ya kazi serikalini, nimeona kuwa katika vazi hilo mna mahali padogo panapompima fundi kuliko pengine pote: ule mpasuo ulio juu ya kafu.

Mpasuo huo una kazi yake. Kafu hubana kifundo cha mkono. Pasipo mpasuo kiganja hakipiti, wala shati halikunjiki vema wakati wa kunawa au kutia udhu. Fundi huuweka upande wa nyuma, kuelekea kidole cha mwisho, upate kujificha. Kwa shati la mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 12 hadi 15. Hushonwa kabla mkono haujaungwa kuwa bomba, maana kitambaa kilichotandazwa hupita chini ya sindano bila taabu.

Hapo ndipo mafundi wanapotengana. Mwenye haraka hukata, akapinda kingo nyembamba, akapiga cherehani, akaendelea na mengine. Lakini kwenye pembe ya juu hapana kitambaa cha kutosha kupindwa, na mshono hushika nyuzi mbili tatu tu za nguo. Shati likifuliwa mara chache pembe hutatuka, na mtatuko hupanda kuelekea kiwikoni. Wa pili huzungushia kingo zote mbili ukanda mmoja wa kitambaa. Kazi hiyo ni imara, nami siibezi, ijapokuwa kwa shati la kwendea ofisini naiona pungufu.

Fundi kamili hukata vipande viwili: chembamba cha ukingo utakaolala chini, na kipana cha ukingo utakaolala juu, chenye ncha iliyochongoka mithili ya paa la nyumba. Huviunga kwanza upande wa ndani wa nguo, kila kimoja ubavuni mwa mstari wa chaki, mishono yote miwili ikome sawa. Kisha ndipo apasue katikati. Abakishapo sentimita moja, huelekeza mkasi kwenye pembe mbili, kukatokea mfano wa herufi Y. Mkasi ukikomea mbali na uzi, nguo hukunjamana pembeni; ukiupita, hakuna dawa. Vipande hugeuzwa nje, vikapigwa pasi na bandi. Kijipembetatu kilichobaki hukunjwa juu, kikafunikwa na ile ncha, na mshono ukaizunguka na kuvuka chini yake kama kisanduku. Marinda na kafu hufuata.

Fundi anishoneaye mimi alipata kumfumulisha kijana wake mkono mzima kwa ajili ya kisanduku kilichokwenda upande. Kijana akauliza, “Mzee, nani atakayepaona?” Mzee akajibu, “Atakayevua koti,” akarudi kwenye cherehani yake. Nilikumbuka kina cha kati katika tarbia: mshororo wa mizani 16 hugawanyika 8 kwa 8, na msikilizaji asiyejua hata jina la kina hicho hushtuka kinapokosekana.

Linalonisikitisha ni majina. Wanafunzi wengi wa ushonaji hutaja sehemu za shati kwa Kiingereza kilichokatwakatwa, kana kwamba Kiswahili hakijapata kushona nguo. Washonaji wa kanzu wa pwani walikuwa na badani, taharizi, kikwapa, kaba na sijafu. Walikuwa pia na lisani, neno la Kiarabu lenye maana ya ulimi, kwa kipande kinachokaa nyuma ya mpasuo wa shingo. Je, kile kipande chembamba kilichojificha chini ya mpasuo wa mkono kina tofauti gani na lisani? Mimi sioni. Na sijafu, upindo wa mkono wa kanzu, ni jirani wa karibu wa kafu.

Mwalimu wa stadi za kazi asiye na kitabu na anunue shati kuukuu la mtumba, lililoshonwa vizuri. Awape wanafunzi wembe, waufumue mpasuo wake mshono kwa mshono kwa kurudi nyuma, wavitandaze vipande vyote mezani, na kabla ya kuvishona tena wabandike juu ya kila kimoja jina lake.