Mabati Yaliyolia Bila Mvua

Mkulima mmoja wa Trans Nzoia alijenga ghala jipya la mabati, akatia magunia 60 ya mahindi mwezi wa Novemba, kisha akaziba kila tundu kwa kuogopa panya na wezi. Hazikupita wiki tatu, akafungua mlango alfajiri na kusikia matone. Magunia ya juu yalikuwa yamelowa, wala usiku ule haikunyesha mvua hata kidogo. Papo hapo akamshuku fundi. Alisema misumari ilipigwa ovyo, akazuia shilingi 3,000 zilizosalia katika ujira wake. Fundi alipanda juu, akakagua bati moja moja, asione tundu. Mzee hakusadiki.

Desemba akaja mpwa wake, karani wa mjini, kwa likizo. Huyu hakulitazama paa kwanza, bali alitoa punje gunia moja akazitafuna.

"Mjomba, mahindi haya hayajakauka."

Hewa huchukua maji yasiyoonekana, yaani mvuke, lakini kwa kipimo, na kipimo chenyewe hufuata joto. Hewa ya digrii 24 za Sentigredi yaweza kuchukua karibu gramu 22 za mvuke katika kila meta ya ujazo. Ikipoa hata digrii 14, mwisho wake ni gramu 12. Ikifika digrii 10, ni gramu 9 na kidogo. Basi hewa ya alasiri yenye gramu 12 husemwa kuwa na unyevu wa asilimia 55. Usiku ikipoa mpaka digrii 14, gramu ni zile zile, lakini sasa imeshiba, na unyevu ni asilimia 100. Hicho ndicho kiwango cha umande. Ikizidi kupoa, maji yaliyozidi hayana budi kutoka, nayo hushika kwanza kitu kilicho baridi kuliko vyote.

Na usiku wa anga jeupe, bati hupoa sana. Hutupa joto lake juu mbinguni hata likawa baridi kuliko hewa yenyewe. Mawingu yakitanda, sehemu ya joto hilo hurudishwa, ndiyo maana usiku wa mawingu umande huwa haba. Jambo hili lilielezwa mwaka 1814 na William Charles Wells, daktari wa London, ambaye alikuwa akiweka sufi nje usiku na kuipima uzito asubuhi. Sufi iliyotazama mbingu ilipata umande mwingi kuliko ile iliyofichwa chini ya ubao.

Katika ghala la mzee, mahindi mabichi yalitoa mvuke mchana kwa joto la mabati, nao haukuwa na njia ya kutokea. Usiku ukakuta bati la baridi, ukageuka maji.

"Matundu niliyaziba mwenyewe," mzee akasema, "nawe sasa waniambia nitoboe?"

"Ndiyo, mjomba, juu karibu na mgongo wa paa, na chini pia. Tia wavu panya wasiingie."

Magunia matatu yalikuwa yameota kuvu. Mama wa nyumba alitaka kuwapa kuku, lakini karani alikataa kabisa. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake, mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini yaliugusha watu 317, na 125 kati yao wakafa. Hayo matatu yakatupwa, ingawa uchungu wa mwenye shamba si wa kusimuliwa.

Mengine yalianikwa upya juu ya turubai, kuanzia saa nne asubuhi umande ukiisha, na kufunikwa kabla ya magharibi, hata yakafika unyevu wa asilimia 13. Yaliporudi ghalani yalipangwa juu ya mbao, mbali na kuta.

Kisha mzee akatuma mtoto amwite fundi. Kuomba radhi kwa maneno hakukuwa desturi yake. Fundi alikuja na nyundo na misumari, akidhani ameitiwa lawama. Alipewa shilingi zake 3,000 na kuonyeshwa paa. Alizihesabu mara mbili, akauliza tundu liwe na upana gani.